Mfinyanzi Hulia Gaeni: Majina ya Vyombo na Riziki ya Mafundi wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii imezoeleka mno katika vitabu vya shule, na wanafunzi huifafanua bila taabu: fundi ambaye kazi ya mikono yake hutumiwa na kusifiwa na wengine, mwenyewe hula katika gae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika. Aghalabu ufafanuzi hukomea hapo. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa mfinyanzi huyo ni nani, anaishi wapi, chungu chake kinaitwaje, na ni kwa nini, baada ya vizazi na vizazi vya ufundi, bado anaambulia gae.

Makala haya yanaliuliza swali hilo katika kaunti mbili za Kenya zilizo upande wa Ziwa Viktoria, Migori na Homa Bay, ambako wanawake wangali wanafinyanga vyungu, wanasuka vikapu na mikeka ya mafunjo, na ambako wanaume wangali wanachonga na kuzifunga nyuzi ala za muziki. Sababu za umaskini wa mafundi hawa ni nyingi, na nyingine zimeshajadiliwa na wanauchumi. Ipo moja, hata hivyo, ambayo wanauchumi hawawezi kuiona kwa urahisi kwa kuwa imo katika lugha. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya shule, ya soko la mbali na ya ofisi za umma, kimevipa vyombo vyao majina ya jumla mno. Chombo kisichokuwa na jina lake hasa huuzwa kwa bei ya chombo chochote, hudaiwa na yeyote, na hatimaye hukosa mrithi. Hili ni jambo linalowahusu moja kwa moja wale wanaojiita wanafunzi wa Kiswahili.

Kazi na maneno yake

Chungu cha Kijaluo hakianzi sokoni. Huanza kwenye udongo unaochimbwa bondeni au kando ya mto, ukachambuliwa mawe na mizizi, ukaloweshwa, ukapondwa, na pengine ukachanganywa na mchanga au unga wa vigae ili usipasuke motoni. Mfinyanzi huunda kitako, kisha hupandisha kuta kwa pete za udongo, moja juu ya nyingine, huku akizilainisha kwa mkono uliolowa maji. Hutia nakshi kwa kuviringisha kikamba kilichosokotwa juu ya udongo ulio mbichi bado. Chungu hukaushwa polepole kivulini, husuguliwa kwa kijiwe laini hadi king'ae, ndipo kipelekwe kwenye moto wa wazi wa nyasi, kuni na samadi. Kila hatua ina hatari yake. Upepo mmoja mbaya siku ya kuchoma waweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Ufundi huu hurithishwa kwa njia ya pekee. Utafiti wa Ingrid Herbich uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu wafinyanzi wa Kijaluo wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba wengi wao hawakufunzwa na mama zao wazazi. Walijifunza baada ya kuolewa, wakiwa chini ya mavyaa, yaani mama wa mume. Mwali alifika katika mji wa watu akiwa hajui udongo, akaketi karibu na mavyaa wake, akashika kazi pamoja na maneno ya kazi. Kwa hiyo kila mji wa wafinyanzi ulikuwa shule, na mavyaa alikuwa mwalimu na kamusi kwa pamoja. Leo mkaza mwana huyo yumkini yuko Nairobi, Kisumu au Mombasa akitafuta riziki nyingine. Hapana wa kumlaumu. Lakini kiti kilicho karibu na mavyaa kiko wazi, na maneno hayana wa kumwendea.

Maneno hayo si machache. Agulu ni chungu kwa jumla, na dapi ni chungu cha maji. Nje ya udongo, agwata ni chombo cha kibuyu kilichokatwa, kinachonywewa uji. Adita ni kikapu. Odheru ni chombo cha kusuka ambacho huandaliwa kuon, yaani ugali. Na par ni mkeka, ambao huweza kusukwa kwa togo, nalo ni jina la mafunjo yaotayo ukingoni mwa ziwa. Kitenzi cha kufinyanga ni chweyo. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa jina la Mungu, Jachwech, Muumba. Mwanafunzi wa Kiswahili atakumbuka hapa kwamba kuumba, katika Kiswahili cha zamani, kulikuwa pia kuufanyia udongo umbo kama afanyavyo mfinyanzi. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja, moja ya Kinailoti na nyingine ya Kibantu, ziliutazama mkono ulio ndani ya udongo zikaona jambo lilelile. Ni wanafunzi wangapi wa isimu na fasihi waliowahi kuelezwa hayo?

Mtungi uliohama

Mambo huwa tofauti kabisa vyombo hivi vinapoingia katika Kiswahili. Agulu huwa chungu. Dapi huwa mtungi. Adita na odheru vyote huwa kikapu. Huenda mtu akasema kwamba tafsiri hizo zinatosha, kwa kuwa msikilizaji ameelewa. Je, ameelewa nini?

Chukua neno mtungi. Kamusi zimelieleza kuwa ni chombo cha udongo cha kutilia maji, na maelezo hayo ni sahihi. Lakini mwalimu anayelitaja neno hilo mbele ya watoto wa Homa Bay hivi leo, watoto hao hupata picha ya mtungi wa plastiki wa lita 20, aghalabu wa rangi ya manjano, ambao hapo awali ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Wakiwa mjini, huenda wakapata picha ya mtungi wa gesi. Neno limehama na kuingia katika chombo kipya, na chombo cha kale kimebaki nje bila jina. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba bibi yake alichukua maji kwa mtungi, msomaji hawezi kujua kama bibi huyo alibeba udongo au plastiki.

Hasara yenyewe si ya kamusi peke yake. Dapi hupoza maji. Udongo wake una vinyweleo, maji hupenya kidogokidogo hadi nje, yakawa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Chombo cha plastiki hakiwezi kazi hiyo hata kikiwekwa kivulini mchana kutwa. Mnunuzi anayejua kwamba anachokiangalia ni dapi, na anayejua dapi hufanya nini, ana sababu ya kutoa fedha zaidi. Mnunuzi anayeona mtungi tu atauliza kwa nini asinunue wa plastiki, ambao hauvunjiki. Katika mazungumzo ya bei kando ya barabara ya Rongo au ya Oyugis, neno moja lililokosekana humgharimu mfinyanzi shilingi zake.

Mkasa wa vikapu ni mfano mwingine. Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi walitarajia kwamba siku ya wasusi imefika. Nafasi hiyo, hata hivyo, ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na mifuko myepesi ya nyuzi za viwandani iliyofanana na kitambaa. Kweli, kikapu cha mkono ni ghali kuliko mfuko huo, na hakuna msamiati uwezao kuliondoa tatizo la bei. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna aliyemweleza mnunuzi wa mjini tofauti iliyopo kati ya adita na odheru, au kati ya kikapu cha mafunjo na cha nyasi, na kwamba kimoja hudumu kwa miaka. Kwake yeye vyote vilikuwa vikapu, na kikapu ni kikapu.

Waliobaki na majina yao

Pengine atatokea wa kupinga kwamba jina haliwezi kuwa na nguvu kiasi hicho. Mifano inayomjibu haiko mbali. Miongoni mwa kazi zote za mikono za Wajaluo, iliyosafiri mbali zaidi ni nyatiti, kinanda cha nyuzi nane. Kimesafiri kwa jina lake. Hakuna msomaji wa Kiswahili Afrika Mashariki anayehitaji nyatiti itafsiriwe, na Mjapani Eriko Mukoyama, ambaye jukwaani hujulikana kwa jina la Anyango, alipojitokeza kuwa mwanamke mpigaji wa ala hiyo, alitambulishwa ulimwenguni kuwa mpigaji wa nyatiti. Jina lilipodumu, watu waliendelea kuuliza ala hiyo huchongwa wapi na nani. Jirani yake, iritungu ya Wakuria wa Migori, ni ala kubwa yenye sauti nzito, nayo haikosi ustadi. Lakini iritungu haijulikani sana nje ya Ukuria, na wengi wanaoiona huiita nyatiti. Fundi wa Kehancha anapouza ala yake chini ya jina la jirani, sifa huenda kwa jirani.

Migori ina mfano mwingine ulio wazi zaidi, nao ni wa mawe. Kuta za Thimlich Ohinga zilijengwa takriban karne ya 16 kwa kupanga mawe bila chokaa wala saruji, na baadhi yake zimefikia kimo cha zaidi ya mita 4. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Katika orodha hiyo, kuta hizo hazikuitwa boma la mawe. Ziliitwa Thimlich Ohinga, na mgeni atokaye pande zote za dunia hulazimika kujifunza kulitamka jina hilo.

Mataifa mengine yamelijua jambo hili mapema. Armenia ni nchi ndogo, na watu wake wengi wametawanyika ugenini, lakini mawe yao yaliyochongwa misalaba hujulikana kila mahali kwa jina la Kiarmenia, khachkar. Mwaka 2010 ufundi wa kuyachonga uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika. Mtu wa nje angeweza kuyaita misalaba ya mawe, akaeleweka. Waarmenia hawakuridhika na kueleweka kwa namna hiyo. Walishikilia neno lao, na neno likabeba fundi, mahali na historia.

Hapa nyumbani, kikoi kilitoa somo lilelile kwa upande wa pili. Mwaka 2007 Wakenya waligutuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kulisajili neno hilo, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake ya biashara. Pingamizi ziliwasilishwa, na hatimaye ombi likaachwa. Kikoi kilitetewa kwa sababu kilikuwa na jina ambalo mamilioni walilijua kuwa ni lao. Kama kingekuwa kinaitwa shuka tu, nani angesikia kwamba kimechukuliwa?

Sheria inayosubiri maneno

Baada ya mkasa huo na mingine, Kenya ilipata Katiba mpya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka 2016 ikafuata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa hayo. Kwa maneno mengine, Migori na Homa Bay zina wajibu wa kuandika ni maarifa gani yaliyomo katika mipaka yao na ni ya jamii zipi.

Rejista ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya wanasheria. Karani akiandika "chungu" katika ukurasa wa kwanza na "kikapu" katika ukurasa wa pili, amelinda nini? Vyungu viko Kenya nzima na ulimwenguni kote. Lakini akiandika dapi, akaeleza udongo wake, jinsi kinavyopandishwa, nakshi ya kikamba, namna ya kuchoma, na jamii inayokifinyanga, hapo ameandika kitu kinachoweza kutetewa mbele ya mwamuzi. Kazi hiyo humtaka mtu anayejua kumsikiliza mfinyanzi katika lugha yake, na anayejua kuyaandika aliyoyasikia kwa Kiswahili safi ambacho Mkenya wa kaunti nyingine ataweza kukisoma. Watu wa namna hiyo wanafunzwa katika idara za Kiswahili, na vyuo viko papo hapo: Chuo Kikuu cha Rongo kimo Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kimo Homa Bay.

Onyo kutoka visiwani

Anayedhani kwamba kuna wakati wa kutosha na avuke maji hadi Rusinga na Mfangano. Wasuba wa visiwa hivyo walikuwa na lugha yao, Olusuba, ambayo ni ya Kibantu na hivyo ni ndugu wa Kiswahili. Kwa vizazi kadhaa waliendelea kuoana, kufanya biashara na kuvua pamoja na Wajaluo, na lugha ya wengi wao ikawa Dholuo. Leo Olusuba ni miongoni mwa lugha zinazohesabiwa kuwa hatarini. Jumba la makumbusho la jamii lililoanzishwa Mfangano linajitahidi kuhifadhi yanayoweza kuhifadhiwa.

Wasuba hawakutoweka. Watu wapo, mitumbwi ipo, samaki wanavuliwa. Kilichoondoka ni maneno, na pamoja nayo namna ya kupanga ujuzi: jina la sehemu fulani ya mtego, jina la nyasi fulani, jina la hatua fulani ya kusuka. Nyavu za nailoni zilipoenea ziwani katika nusu ya pili ya karne ya 20, mitego ya kusuka ilipoteza kazi. Mtego usiotumika waweza kuwekwa katika jumba la makumbusho, na vizazi vijavyo vikauangalia. Majina ya sehemu zake, yakiwa hayakuandikwa, hayawezi kuangaliwa popote.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza hutolewa na wapenda Kiswahili wenyewe. Wao huhofia kwamba kuingiza dapi na odheru katika lugha ni kuichafua, na kwamba Kiswahili tayari kina chungu, mtungi, kasiki, gudulia, chetezo na kikaango kwa upande wa udongo, na kina mkeka, jamvi, kawa, ungo, pakacha na tunga kwa upande wa ususi. Utajiri huo ni wa kweli, na ndio unaothibitisha hoja ya makala haya. Pwani ilikuwa na mafundi waliokizungumza Kiswahili, kwa hiyo kila chombo cha pwani kilipata neno lake. Bara ina mafundi pia, na vyombo vyao vingali vikingoja mlangoni. Aidha, Kiswahili hakijawahi kukua kwa kujifungia. Kilichukua meza na leso kwa Wareno, ngeli kutoka Kihaya, na ikulu kutoka lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. Dholuo nacho kimekopa kwa ukarimu: kikapu kimezaa okapu, kikombe kimezaa okombe, sufuria imezaa sufria. Mkopo umekuwa wa upande mmoja mno. Jirani anayekopa kila siku bila kukopwa huonekana maskini hata asipokuwa maskini.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Baadhi husema kwamba jina halijazi tumbo, na kwamba mfinyanzi anahitaji soko, mtaji na mahali pa kuchimba udongo kabla ya kuhitaji wanafunzi wenye daftari. Wanaosema hivyo wana haki. Mwanafunzi atakayemwendea mfinyanzi, akachukua maneno yake, akapata shahada yake asirudi tena, atakuwa amemlisha gaeni kwa mara nyingine. Kwa hiyo kazi inayopendekezwa hapa haina budi kuwa na masharti. Jina la fundi liandikwe pale anaporidhia. Nakala ya yaliyoandikwa irudishwe kwake. Na matunda ya kwanza ya kazi hiyo yawe kitu anachoweza kukitumia sokoni.

Hitimisho

Kitu hicho hakihitaji fedha nyingi. Kinaweza kuwa kikaratasi kidogo kinachofungwa kwenye shingo ya chungu: jina la chombo kwa Dholuo au kwa Kikuria, maelezo ya mistari mitatu kwa Kiswahili, jina la fundi, na jina la kijiji chake. Mnunuzi akikisoma atajua kwamba anabeba dapi, kwamba dapi hupoza maji, na kwamba aliyekifinyanga ni mtu mwenye jina. Chama cha Kiswahili chochote chenye wanachama 20 kinaweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tangu hapo siku hiyo husherehekewa kwa hotuba, maandamano na mashairi. Ingefaa mwaka mmoja iadhimishwe kwa kuketi chini kando ya mfinyanzi wa Homa Bay au msusi wa Migori, daftari magotini, na kuuliza: hiki kinaitwaje, na hiki, na hatua hii ya kazi inaitwaje?

Shuleni napo kuna nafasi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwataka watoto wafinyange na kusuka, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa na kazi za mikono ziliacha kutahiniwa, na udongo ukasahauliwa. Mtaala wa umilisi umezirudisha kazi hizo madarasani. Mwalimu wa Migori anayewafundisha watoto kufinyanga ana jukumu la kuwafundisha pia kwamba walichokishika si "chungu" tu, na mwandishi wa vitabu vya Kiswahili ana jukumu la kumpa maneno ya kufanya hivyo.

Methali haikusema kwamba mfinyanzi hana budi kulia gaeni. Ilieleza tu yale ambayo watu waliyaona. Yale ambayo watu watayaona miaka 30 ijayo katika masoko ya Oyugis, Rongo na Mbita yatategemea kama kuna aliyekwenda kuuliza majina wakati mavyaa alikuwa hai bado na anayakumbuka.